Ball na Ule Umeme wa Mguu: Kila Kitu Unafaa Kujua Kuhusu Siatika Ukiwa Mjamzito

Uko na ball ya miezi sita. Umekaa kwa mat ukienda job, dere anarukisha gari kwa bumps, na ghafla kitu kama stima inatoka kwa kalio, inapita nyuma ya paja hadi kwa vidole. Unashika kiti. Msee wa kando anakuangalia akidhani mtoi anakuja. Dakika mbili baadaye inaisha, lakini ukishuka stage, mguu mmoja hautaki kukubeba.

Ukifika mtaani kila mtu ako na maoni yake. Shosho anasema mtoto amekalia mshipa. Boss anadhani ni uvivu. Jirani anakuambia uende kemisti udungwe ile sindano ya mgongo, kesho utakuwa fiti. Hiyo ya mwisho ndiyo noma zaidi, na tutafika hapo.

Haya maumivu ni ya ukweli, yako na jina, na mara nyingi hayadhuru mtoto. Mengi unaweza kuyatuliza na vitu ziko kejani: mto, leso na ukuta. Lakini kuna machache yanafanana na haya na hayafai kungoja hata usiku mmoja. Wacha tukuchanue moja baada ya nyingine.

Siatika ni nini hasa?

Siatika si ugonjwa peke yake. Ni jina la maumivu yanayofuata njia ya neva kubwa inaitwa neva ya siatiki. Hiyo ndiyo neva nene zaidi mwilini, karibu upana wa kidole. Inaundwa na mizizi mitano inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Inapita ndani ya kalio, chini ya msuli fulani mdogo, inashuka nyuma ya paja, halafu ikikaribia goti inagawanyika kuenda mguu wa chini na unyayo.

Ikibanwa ama ikikasirishwa mahali popote kwa hiyo njia, ubongo unaskia uchungu kwa njia yote. Ndiyo maana shida inaweza kuwa kiunoni lakini wewe unalilia kidole cha mguu.

Dalili zenyewe ni hizi:

- Uchungu wa kuchoma ama wa kushtua kama stima, kutoka kiunoni au kalioni kushuka chini ya goti.
- Mara nyingi ni upande mmoja tu.
- Ganzi, ama kuskia kama sindano ndogo ndogo zinakudunga mguuni.
- Unazidi ukikaa sana, ukikohoa, ukipiga chafya ama ukiinama.

Kwani mimba inaingilia wapi?

Kuna vitu kadhaa vinakutana pamoja.

Ya kwanza ni homoni. Mwili unajiandaa kufungua nyonga ndio mtoto apite, kwa hivyo homoni kama relaxin zinalegeza zile kamba zinazoshikanisha mifupa. Viungo vya nyonga na kiuno vikilegea, misuli ya hapo inalazimika kufanya kazi ya ziada kuvishikilia. Misuli ikichoka inakaza, na ikikaza inaweza kusumbua neva iliyo karibu.

Ya pili ni uzito. Mwanamke aliyeanza mimba na uzito wa kawaida huongeza kama kilo 11 hadi 16. Huo mzigo mwingi uko mbele. Ili usianguke, unarudisha mabega nyuma na kiuno kinajipinda kuingia ndani. Cheki mama yeyote wa miezi nane akitembea utaelewa.

Ya tatu ni maisha yenyewe. Kusimama saluni siku mzima, kukaa kwa kiti cha supermarket masaa nane, kuinamia beseni ya nguo, kubeba mtungi wa lita 20. Huo mtungi ukijaa ni kilo 20. Mgongo uliolegezwa na homoni haujapangiwa hiyo.

Na ile story ya mtoto kukalia mshipa? Shosho hajakosea sana, kwa sababu tumbo likikua presha ya nyonga inaongezeka. Lakini kwa kawaida shida kubwa ni viungo na misuli, si mtoi kukaa vibaya. Hakuna haja ya mtu kukuja kukusukuma tumbo ati anamtoa kwa mshipa. Hiyo ni hatari, ikatae kabisa.

Chunga: si kila uchungu wa mguu ni siatika

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Siatika kamili, ile ya diski ya mgongo kutoka nje na kubana neva, ni adimu ukiwa mjamzito. Inakadiriwa ni mimba 1 kati ya 10,000. Kitu cha kawaida zaidi ni maumivu ya nyonga, ambayo hupata karibu mjamzito 1 kati ya 5. Watu huita zote siatika, lakini namna ya kuzishughulikia inatofautiana kidogo.

Maumivu ya nyonga hukaa hivi: unayaskia kwa mfupa wa mbele juu ya sehemu za siri, ama nyuma kwa vile vishimo viwili juu ya makalio. Yanaweza kuenda hadi paja lakini mara nyingi hayapiti goti. Yanakupata ukisimama na mguu mmoja kuvaa suruali, ukipanda ngazi, ukishuka kwa gari, ama ukigeuka kitandani. Wengine huskia nyonga ikilia "ka!".

Siatika hukaa hivi: inapita goti, inachoma, inaleta ganzi, na kukaa sana kunaifanya mbaya.

Kama ni ya nyonga, kanuni kubwa ni moja: weka magoti pamoja. Kaa chini kabla ya kuvaa suruali. Ukishuka kwa gari, geuza mwili wote kwanza, miguu ikiwa pamoja, halafu usimame. Ngazi ipande moja moja, mguu mzuri ukitangulia kupanda na ule unauma ukitangulia kushuka. Unaweza kuwa na zote mbili, na hapo ndipo fizio anasaidia kutofautisha.

Usiku: vita ya kulala

Wengi husema usiku ndio mbaya zaidi. Jaribu hivi.

Lala kwa upande. Kulia ama kushoto ni sawa, ingawa upande usiouma ukiwa chini ndio watu wengi hupenda. Kutoka wiki ya 28 kuendelea, usilale chali. Tumbo likiwa zito linabana mishipa mikubwa ya damu, na utafiti umehusisha kulala chali miezi ya mwisho na hatari kubwa ya mtoto kufia tumboni. Ukiamka na upate umejigeuza chali, usipanic. Rudi tu kwa upande.

Weka mto katikati ya magoti, na ushuke hadi kwa vifundo vya mguu. Kama mto ni mmoja tu keja, kunja blanketi ama masweta ndani ya leso. Weka kingine kidogo chini ya tumbo. Lengo ni mguu wa juu usianguke mbele na kuvuta kiuno.

Ukitaka kugeuka, funga magoti pamoja, kaza makalio kidogo, halafu geuka kama gogo, mabega na nyonga wakati mmoja. Ukitaka kuamka, lala upande kwanza, shusha miguu yote pamoja, jisukume na mikono. Usiinuke kama mtu anapiga sit-up.

Mchana: job, kejani na barabarani

*Kukaa.* Usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Weka leso iliyokunjwa nyuma ya kiuno, miguu yote ikanyage chini, usipandishe mmoja juu ya mwingine. Kochi inayokumeza ni adui. Kiti kigumu cha mbao chenye mto kinakufaa zaidi.

*Kusimama.* Kama job ni ya kusimama, tafuta kitu kifupi kama kreti ama stuli ndogo, weka mguu mmoja juu, badilisha baada ya dakika kadhaa. Hiyo inapunguzia kiuno mzigo.

*Nguo na usafi.* Inua beseni iweke juu ya meza ama stuli. Kudeki ukiwa umeinama na kitambaa, wacha kwa sasa, tumia ile ya mti mrefu. Ukiokota kitu chini, kunja magoti, si mgongo.

*Maji.* Mtungi wa lita 20 acha mwingine abebe. Kama hakuna mtu, gawa kwa vimitungi vya lita 5, kimoja kila mkono, ndio mzigo ulingane pande zote.

*Njumu.* Heels ziweke kando. Lakini pia patipati zilizoisha soli hazikusaidii. Tafuta kiatu cha chini, chenye soli nene kidogo na kinachoshika kisigino. Raba ya mtumba iliyo sawa inatosha.

*Usafiri.* Kwa mat, omba kiti cha mbele ama cha katikati. Kile cha nyuma kabisa kinarusha mtu vibaya. Pigia konda kelele mapema ndio gari isimame kabisa kabla ushuke, na asikuharakishe. Nduthi ikiwezekana iepuke: kukaa miguu ikiwa imepanuliwa kunaumiza nyonga, kukaa upande kunapinda kiuno na ni rahisi kuanguka.

*Leso.* Hii ni ya akina mama wetu na iko sawa. Ikunje mara kadhaa iwe upana wa kiganja, izungushe kwenye nyonga chini ya tumbo, pale mfupa wa pembeni ya paja unapojitokeza, na ufunge iwe imekaza kiasi. Usifunge juu ya tumbo, usikaze hadi ushindwe kupumua, na itoe ukilala. Inafanya kazi karibu sawa na ile mikanda ya wajawazito ya kununua. Ukiskia inaongeza uchungu ama ganzi, toa.

Mazoezi manne ya dakika kumi

Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu kliniki za wajawazito, linapendekeza mazoezi ya kawaida wakati wote wa mimba ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga. Pia linataja fizio na mikanda kama njia za kusaidia. Kulala siku nzima hakuponyi. Misuli inakuwa minyonge na uchungu unarudi na nguvu.

Lakini kama ulishaambiwa uko na shida kama kondo la nyuma kukaa chini, kutokwa damu, ama uchungu wa mapema, uliza kliniki kwanza.

1. Mgongo wa paka. Piga magoti na uweke mikono chini, kama mtoto anayetambaa. Vuta pumzi, mgongo ukiwa umenyooka. Toa pumzi ukiinua mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kichwa kikishuka. Rudi katikati, usiache kiuno kizame chini. Mara kumi.

2. Ukuta. Simama na mgongo kwa ukuta, visigino mbali nao kidogo, magoti yakilegea. Sukuma kiuno kiguse ukuta, hesabu hadi tano, achilia. Mara kumi. Hii unaweza kufanya hata choo cha job.

3. Nne ya kiti. Kaa kwa kiti kigumu. Weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, iwe kama namba nne. Inama mbele taratibu na mgongo ulionyooka hadi uskie kalio likivutika. Shikilia sekunde 20 hadi 30, mara tatu. Inavuta ule msuli ambao neva inapita chini yake. Kama uchungu wako ni wa nyonga, hii inaweza kukuumiza, iruke.

4. Kutembea. Dakika 10 hadi 20 kwa mwendo wa kawaida, hatua fupi. Afadhali mara mbili kwa siku kuliko mara moja ndefu. Kama uko karibu na swimming pool na uko na uwezo, maji yanabeba uzito wa tumbo na wengi huskia nafuu hapo hapo.

Kuvutika ni sawa. Uchungu mkali, ganzi inayoongezeka, kizunguzungu, damu ama maji kutoka, simama na utafute daktari.

Joto ama barafu?

Zote zinaruhusiwa, chagua inayokupa nafuu. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, weka kiunoni ama kalioni dakika 15 hadi 20. Usiweke kwa tumbo, na usilale nayo. Kama uko na ganzi, pima joto kwa mkono kwanza kwa sababu ngozi isiyoskia inaungua bila wewe kujua. Barafu pia ifunge kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15.

Kukandwa mgongo na makalio polepole ni poa. Muulize anayekukanda atumie kiganja, si kiwiko. Tumbo halikandwi.

Dawa: hapa ndipo watu huumia

Sasa turudi kwa kemisti. Ukiingia useme "mgongo inaniuma", kuna uwezekano utoke na diclofenac, tembe ama sindano. Kwa mtu asiye na mimba ni dawa ya kawaida. Kwako si ya kawaida.

Diclofenac, ibuprofen na naproxen ni familia moja. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kuzitumia kuanzia wiki ya 20 kunaweza kuathiri figo za mtoto. Figo za mtoto ndizo hutengeneza maji mengi yanayomzunguka tumboni, kwa hivyo zikisumbuka maji yanapungua. Kuanzia karibu wiki ya 30 kuna hatari nyingine: mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto unaweza kufunga kabla ya wakati. Hata kabla ya wiki 20 usizitumie bila daktari kukuambia.

Soma pakiti. Kuna dawa za maumivu za dukani zenye aspirin ndani, zimechanganywa na vitu vingine, na jina la mbele halikuambii. Kitu kimoja: kama daktari amekuandikia aspirin ya dozi ndogo kwa sababu ya presha, hiyo ni tofauti. Usiache kuimeza kwa sababu ulisoma hapa.

Pregabalin pia iko kwa mtaa kama dawa ya neva. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba ukiitumia miezi mitatu ya kwanza inaweza kuongeza kidogo uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro. Kama unaitumia kwa sababu nyingine, kama kifafa, usiikate ghafla. Ongea na daktari wako.

Ile inayoanza kupendekezwa ni paracetamol. Kwa mtu mzima ni tembe moja ama mbili za miligramu 500, zikipishana angalau masaa manne hadi sita, na zisipite tembe 8 kwa masaa 24. Meza kiasi kidogo kinachokutosha, kwa siku chache, na uambie kliniki. Kama uko na shida ya ini, uliza kwanza.

Dawa za kienyeji za kunywa hazina dozi inayojulikana, na zingine zinaamsha uchungu wa kuzaa. Wachana nazo.

Sentensi moja ya kubeba kila ukiingia kemisti: "Niko na mimba ya wiki fulani." Iseme kabla ya kusema unaumwa wapi.

Dalili za kukupeleka hospitali leo, si kesho

Soma hii sehemu mara mbili na umtumie mtu unayeishi naye.

- Ganzi katikati ya miguu, pale unapokalia kiti, ama kwa sehemu za siri. Kushindwa kukojoa, ama mkojo na choo kutoka bila kujua. Miguu yote miwili kulegea. Hii inamaanisha neva za chini ya mgongo zinabanwa vibaya. Ni dharura ya masaa, na ukichelewa unaweza kubaki hivyo.
- Unyayo unaoanguka. Hauwezi kuinua vidole juu ukitembea, mguu unaburuta.
- Mguu mmoja umevimba, unauma chini ya goti, ni moto ama umebadilika rangi. Hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Mimba inaongeza hiyo hatari. Usiukande. Ukianza kukosa pumzi ama kuumwa kifua, ni dharura kabisa.
- Mgongo unaouma kwa mawimbi, unakuja na kuenda kwa mpangilio, kabla ya wiki 37. Inaweza kuwa uchungu wa mapema.
- Homa, kutetemeka, mkojo unaochoma, pamoja na mgongo wa juu kidogo upande mmoja. Inaweza kuwa figo.
- Damu, maji kutoka, ama mtoto kupunguza kucheza.

Na ukifika, usinyamaze. Mnakumbuka Serena Williams? Alijifungua binti yake Septemba 2017 kwa upasuaji, na siku iliyofuata akakosa pumzi. Aliwahi kuganda damu awali kwa hivyo alijua mwili wake. Kama alivyosimulia gazeti la Vogue 2018, alimwambia nesi anahitaji kupimwa na apewe dawa ya kuyeyusha damu, nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Akang'ang'ana, akapimwa, na damu ilikuwa imeganda kwa mapafu. Kama bingwa wa tenisi wa dunia nzima alihitaji kurudia, wewe pia rudia. Hiyo si kuwa na mdomo, ni kujichunga.

Kliniki: useme nini ndio usaidiwe

Ukisema tu "mgongo inauma", utaambiwa ni kawaida ya mimba. Nesi ako na foleni ya watu 40. Nenda na majibu:

- Uchungu unaanzia wapi na unaishia wapi? Unapita goti?
- Ulianza wiki ya ngapi?
- Nini inauzidisha, nini inautuliza?
- Kuna ganzi ama udhaifu?
- Umemeza nini, mara ngapi?
- Unashindwa kufanya nini? Kulala, kutembea, kazi?

Halafu omba waziwazi: "Naomba rufaa ya fizio." Hospitali nyingi kubwa za kaunti ziko na idara ya fizio, na wengi hawajui wanaweza kutumwa huko wakiwa na ball. Beba kile kitabu cha kliniki ya mama na mtoto ndio kila kitu kiandikwe. Kuhusu doh, SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo hakikisha umejisajili mapema na uulize kaunta ni huduma gani zinalipiwa kabla ya kutoa mfukoni.

Ukiona hawajakutuma eksirei, si kwamba wamekupuuza. Wajawazito wengi hawahitaji picha, daktari anajua kwa kukupima. Ikihitajika sana kuona diski, kwa kawaida hutumia MRI kwa sababu haina mionzi.

Job: sheria inakusimamia

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kubaguliwa kazini kwa sababu ya mimba, na mimba si sababu halali ya kufutwa. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu na mshahara kamili. Kando na hiyo, ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, mradi uwe na karatasi ya daktari.

Kwa hivyo usiongee na boss mdomo mtupu. Omba daktari ama fizio aandike: kiti, mapumziko mafupi, hakuna kubeba mizigo. Karatasi hubishaniwa kidogo kuliko machozi. Wanaofanya hustle yao wenyewe hawana boss wa kuandikia, lakini kiti kando ya kibanda na mtu wa kukubebea gunia asubuhi si anasa kwako sai.

Baba ya mtoi, hii ni yako

Huwezi kubeba ball, lakini mtungi unaweza. Beba maji, inua beseni, deki. Jifunze kumkanda kiuno dakika kumi kabla ya kulala. Toa mto wako umpe. Nenda kliniki naye siku moja uskie mwenyewe. Na akikuambia hawezi kuskia akikalia kiti, ama hawezi kukojoa, usiseme "tungoje asubuhi tuone". Tafuta gari.

Siku ya kuzaa na baadaye

Siatika peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mwambie mkunga mapema mguu gani unauma ndio asikupanue sana upande huo. Unaweza kuomba kulala kwa upande, kupiga magoti ama kuegemea kitu badala ya kulala chali.

Baada ya kujifungua, wengi hupata nafuu ndani ya wiki hadi miezi michache, uzito ukipungua na viungo vikikaza. Ukinyonyesha, leta mtoto kwa titi, usiinamie mtoto. Weka mito chini yake. Kama wiki sita baadaye bado unachechemea, rudi kwa fizio. Na zile dalili za hatari hapo juu, hasa mguu kuvimba, bado ziko na nguvu wiki za kwanza baada ya kuzaa.

Maswali ya haraka

*Inadhuru mtoto?* Uchungu wenyewe hapana. Dawa mbaya ndiyo inaweza kudhuru.

*Mapenzi?* Ruhusa, kama kliniki haijakukataza. Kwa upande huwa rahisi kwa kiuno.

*Itarudi mimba ya pili?* Inawezekana. Ukianza mazoezi mapema, kabla hata ya kushika mimba, unapunguza makali.

*Naweza kuenda ocha safari ya masaa sita?* Kama mimba iko sawa, ndio, lakini simama na utembee kila gari likisimama, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji. Kukaa kimya masaa mengi ndiko huganda damu.

Kama kuna dem unayemjua anatembea ameshika kiuno sai na kila mtu anamwambia "vumilia, ni mimba", mtumie hii. Kuvumilia si dawa. Aanze na mto wa leo usiku, na kesho aombe ile rufaa.